Chumba Kisicho na Dari

Yeyote aliyewahi kupanga chumba katika nyumba za zamani za Mtwara mjini anajua kwamba kuta za ndani haziendi mpaka juu. Zinaishia juu kidogo ya usawa wa mlango, kisha bati linafunika nyumba nzima, na kwa kuwa hakuna dari, kikohozi cha mpangaji wa chumba cha kwanza kinasikika kwa mpangaji wa chumba cha sita. Mnasikilizana redio, mnasikilizana ugomvi, mnajua nani amekaanga samaki na nani amelala na njaa. Mama yangu mdogo aliishi katika nyumba ya namna hiyo kwa miaka minne akiwa muuza samaki, na ni katika chumba chake nilikojifunza kwamba kopo la dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI lina sauti. Vidonge vikiwa ndani ya plastiki ngumu hugongana kama kayamba. Saa tatu usiku, nyumba ikiwa imetulia, kopo hilo likitikisika kila mtu anajua ni la nini, kwa sababu dawa za malaria na za maumivu tunapewa katika vibahasha, na vibahasha havilii. Mama mdogo alinunua pamba dukani, akaisokota na kuishindilia juu ya vidonge mpaka kopo likanyamaza.

Nimesita kuandika habari hii kwa muda mrefu, na ninaiandika sasa kwa idhini yake, kwa sharti kwamba nisitaje jina wala mtaa. Tunapozungumza juu ya kuwasaidia watu wanaoishi na VVU katika mikoa yetu hii ya kusini, tunataja kupima, tunataja dawa, tunataja lishe, tunataja mitaji ya vikundi vya kufuga kuku na kutengeneza sabuni. Lakini kodi ya chumba, bati la paa na kitasa cha mlango hatuvitaji, kana kwamba dawa inamezwa hewani. Dawa inamezwa mahali fulani na kuhifadhiwa mahali fulani, na mtu akishapokonywa mahali hapo, dawa nayo huanza kumponyoka.

Mwenye nyumba hakumwambia neno baya. Alikuja asubuhi moja mwishoni mwa mwezi, akaitikia shikamoo yake, akakaa kibarazani na kueleza kwa upole kwamba kijana wake anarudi kutoka Dar es Salaam na atahitaji chumba, kwa hiyo anaomba mpangaji ajitafutie sehemu nyingine. Kodi ya miezi miwili iliyokuwa imebaki aliirudisha yote bila kuombwa, jambo ambalo kwa wenye nyumba wa mjini ni la ajabu. Kijana hakurudi. Wiki ya tatu chumba kilikuwa na mpangaji mwingine, muuza mitumba kutoka Masasi. Baadaye jirani mmoja ndiye aliyenong'ona kwamba wapangaji walikuwa wamepeleka maneno kwa mwenye nyumba: kopo limeonekana, na choo ni kimoja.

Virusi hivi haviambukizwi kwa choo, wala kwa sahani, wala kwa ndoo ya kuogea. Hilo limefundishwa nchini kwetu tangu miaka ya mwanzo baada ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Kagera mwaka 1983, na mtu ambaye virusi vyake vimefubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi hata mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Waliopeleka maneno hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao ndiye aliyemwuguza mama mdogo homa mwaka uliotangulia. Walikuwa watu sita wanaotumia choo kimoja, na katika msongamano ule hofu ya mmoja ilikuwa hofu ya wote.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza waziwazi kumnyima mtu nafasi ya kuishi mahali popote, au kumwekea mipaka, kwa sababu ana VVU au anadhaniwa kuwa navyo. Niliisoma usiku ule nikiwa na hasira, nikitafuta pa kushika. Maneno ya sheria yamekamilika. Kilichokosekana ni maneno ya mwenye nyumba. Nani angeshitakiwa, na kwa kauli ipi? Sababu halisi haikutamkwa na mtu yeyote mbele ya mtu yeyote. Mwenye nyumba alisema kijana wake anarudi, na hakuna mwenyekiti wa mtaa anayeweza kumzuia mzazi kumpa mwanawe chumba. Tangu siku hiyo nimewasikiliza wengine waliohamishwa kwa namna hiyohiyo, na visingizio vinafanana: nataka kukarabati, nataka kuuza nyumba, binti yangu anaolewa. Ubaguzi wa siku hizi katika nyumba za kupanga umejifunza adabu, na ndiyo sababu siamini kwamba katazo la sheria peke yake, hata liwe zuri kiasi gani, linaweza kumweka mtu chini ya paa.

Mimi ninafundisha Lindi, na hapa kuna jambo linalotuhusu watu wa pwani hii kuliko wengine. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017, Njombe ilikutwa na maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, na Lindi ilikuwa chini ya asilimia 1. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini uchache una gharama yake. Mahali ambapo karibu kila ukoo umewahi kuuguza au kuzika, watu wamejifunza kwa machungu namna ya kuishi na mwenye virusi. Mahali ambapo wenye virusi ni wachache, kila mmoja wao anaonekana kama mgeni aliyevaa nguo nyekundu msibani. Ninaamini kwamba usiri wa mtu wa Lindi au Mtwara unahitaji ukuta mnene zaidi, na ukuta huo si wa mfano tu, ni wa tofali.

Kutoka mjini mama mdogo alipata chumba Mikindani, umbali wa kilomita kama kumi. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja kuwa malipo yake, na mwenye nyumba akataka miezi sita kwa mkupuo. Kodi za Mtwara zilipanda wakati wa shughuli za gesi, wageni walipomiminika, na ingawa wengi wao waliondoka bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, desturi ya kudai miezi sita au mwaka mzima haikuondoka nao. Pesa aliyolipa ilikuwa mtaji wake wa samaki. Kwa hiyo alikuwa na chumba lakini hakuwa na biashara, na miezi sita ilipokwisha hakuwa na chochote cha kulipia mingine sita. Alihamia kwenye kibanda cha shambani, njia ya kwenda Newala, kuta za mianzi na udongo, paa la nyasi ambalo halikuwa limeezekwa upya kwa misimu mitatu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nataka niyaeleze polepole kwa sababu nilikuwa siyajui. Mvua zilipoanza, paa lilivuja juu ya kitanda na juu ya sanduku. Maelekezo ya dawa ile, kidonge kimoja kwa siku, yanasema iwekwe mahali pakavu, ndani ya kopo lake, joto lisizidi nyuzi 30. Pamba aliyoshindilia ili kopo lisilie ilinyonya unyevu. Siku moja alifungua akakuta vidonge vya juu vimevimba na kushikana na nyuzi za pamba. Akavibandua kwa kucha kimoja kimoja, vilivyokuwa vizima akavianika juu ya leso, vilivyomong'onyoka akavitupa. Hakurudi kliniki kusema vimeharibika, maana nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ilikuwa chakula cha siku tatu, na aliona aibu. Alianza kuvipunja: leo anameza, kesho anaruka, ili vifike tarehe ya kuchukua vingine.

Alipopimwa wingi wa virusi, majibu yalivuka nakala 1,000 kwa mililita ya damu, yaani virusi vilikuwa vimepanda. Utaratibu wa tiba una mantiki yake: mtu ambaye virusi vimefubaa hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na yule ambaye virusi vimepanda huitwa kila mwezi apate ushauri wa namna ya kumeza dawa kwa usahihi. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ninasema tu namna unavyomwangukia mtu asiye na makazi. Alipokuwa na chumba mjini, hatua chache kutoka kliniki, alikwenda mara moja kwa miezi mitatu. Alipotupwa mbali, akiwa hana nauli, ndipo alipotakiwa kwenda kila mwezi. Alikosa tarehe ya kwanza kwa sababu ya mvua, ya pili kwa kukosa nauli, na ya tatu kwa kuogopa kugombezwa kwa zile mbili. Katika vitabu mtu wa namna hiyo huitwa mtoro. Neno hilo linaniumiza, maana mimi ni mwalimu na mtoro ninamjua: mtoro ni mwenye darasa na dawati ambaye ameamua kutokwenda.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima waliokuwa wakitumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa na virusi vilivyofubaa. Hiyo ni habari kubwa, na anayekumbuka wodi za miaka ya tisini hawezi kuisoma bila kushusha pumzi. Dawa inafanya kazi. Waliobaki nje ya hesabu hiyo, pamoja na walioacha dawa kabisa, tumezoea kuwaeleza kwa maneno mawili, uzembe na imani potofu, na sikatai kwamba vyote viwili vipo. Lakini ninamjua mmoja ambaye kilichomtoa kwenye hesabu ni paa la nyasi.

Wamarekani walilitambua jambo hili mapema. Katika miaka ya themanini, katika miji yao mikubwa, wagonjwa wa UKIMWI walifukuzwa kwenye nyumba, wengine walipoteza kazi na hatimaye kodi, na wakaishia barabarani na katika makazi ya muda ambako kifua kikuu kiliwamaliza. Mwaka 1990 bunge lao lilipitisha sheria ya makazi kwa watu wenye UKIMWI, na mpango uliozaliwa nayo, unaojulikana kwa kifupi kama HOPWA, umewekwa chini ya wizara yao ya nyumba na maendeleo ya miji, si chini ya wizara ya afya. Sehemu kubwa ya fedha, asilimia 90, hugawiwa miji na majimbo kwa kanuni maalumu. Kuna msaada wa kodi wa muda mrefu ambapo mpangaji kwa kawaida hutoa asilimia 30 ya kipato chake na mpango hulipa kinachobaki, na kuna msaada wa muda mfupi wa kodi, mkopo wa nyumba na bili za umeme na maji, usiozidi wiki 21 ndani ya wiki 52, kwa ajili ya mtu ambaye bado ana nyumba lakini yuko karibu kuipoteza. Huu wa pili ndio ulionigusa. Mtu anasaidiwa kabla hajatolewa vyombo nje.

Baadaye watafiti wao walifuatilia watu 630 wenye VVU wasio na makazi ya uhakika katika miji ya Baltimore, Chicago na Los Angeles, na wakaona kwamba wale walioendelea kukosa nyumba katika kipindi hicho walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na virusi visivyofubaa. Mama mdogo angeweza kuwaambia hayo bila utafiti, lakini ni vizuri yameandikwa.

Nchi hiyohiyo ilianzisha mwaka 2003 mfuko wake mkubwa wa kupambana na UKIMWI katika nchi za nje, na dawa zilipoanza kutolewa bure kwetu mwaka 2004, uhai wa watu wengi ninaowapenda ulirudi. Nitashukuru mpaka nife. Hata hivyo, kilichovuka bahari kilikuwa hasa kidonge na kipimo. Somo la nyumba kwa watu wazima lilibaki kwao. Na Januari 2025, Rais wa Marekani aliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, tuliona jinsi hata watu waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta walioacha dawa wanavyoweza kutoweka kwa wiki moja. Wapo watakaosema kwamba wakati dawa zenyewe zina mashaka si wakati wa kudai nyumba. Mimi naona kinyume. Mfuko ukipungua, mtu aliyetulia mahali pamoja, anayechukua dawa mara mbili kwa mwaka na asiyeugua, ndiye mwenye gharama ndogo kuliko wote.

Hatuanzi mikono mitupu. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imekuwa ikizifikia kaya maskini, na nimeona kwa macho yangu wanawake wa vijijini wakidunduliza ruzuku ile mpaka inakuwa bati. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inagawiwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na mwanamke mwenye VVU anaweza kuingia kupitia kikundi cha wanawake, ingawa mkopo huo ni wa biashara na kodi ya chumba si biashara. Zipo konga, yaani mitandao ya watu wanaoishi na VVU katika wilaya zetu, ambazo viongozi wake wanajua, bila orodha ya mtu, nani analala wapi wiki hii. Ningeanza nao hao.

Ningeomba vitu vidogo. Kwanza kodi ya miezi mitatu kwa mtu aliyekwisha pewa notisi, ilipwe moja kwa moja na isitajwe kuwa ni ya nini; risiti iandikwe kodi ya nyumba, basi. Pili, ukarabati wa paa kabla ya mvua za Desemba, na hili wajumbe wa vijiji wanaweza kulipanga na msimu wa korosho, kwa sababu Oktoba na Novemba minada ikianza ndipo pesa inapoonekana huku kwetu, mafundi wanapopatikana na ndugu wanapoweza kuchangia. Februari hata ndugu mwenye huruma hana kitu. Tatu, karatasi. Nitaifikia.

Lakini nyumba za pamoja za waathirika, kama wengine wanavyopendekeza kwa nia njema, nazipinga kwa moyo wote. Wazee wetu wanakumbuka makambi ya wakoma: waliopelekwa huko walitibiwa, na wengi wao wakapona vidonda, lakini kambi iliwaandika usoni hadi kwa wajukuu. Mtu anayehitaji msaada wa nyumba anahitaji kuishi mtaani kati ya watu, akiwa na mlango unaofungwa. Mabango ya wafadhili ukutani, tafadhali, yasiwepo.

Kuhusu karatasi. Mama mdogo hakuwa mtu wa kupanga tangu mwanzo. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na nyumba yao ya vyumba vitatu, tofali za kuchoma, waliyoijenga pamoja. Yeye ndiye aliyebeba maji ya kufyatulia. Mume alipofariki walikuja wapwa zake. Kwetu sisi Wamakonde, kama kwa Wamwera na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na wageni hudhani kwamba kwa hiyo mjane ana nguvu. Ana nguvu kwao alikozaliwa. Katika nyumba ya mume, mpwa wa mume alijiona mrithi, na wakati ule mjane alikuwa amekonda, kila mtu akisema naye haishi mwaka. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika kumiliki ardhi, lakini kiwanja kile hakikuwa na maandishi yoyote yenye jina lake, na yeye hakuwa na nguvu ya kusimama barazani. Aliondoka na kitanda, masufuria na watoto wawili. Kila chumba alichopanga baada ya hapo kilikuwa matokeo ya siku hiyo.

Kwa hiyo tulipoamua, ndugu zake na mimi, kwamba hatahama tena, tulikwenda kwa mjomba. Alitusikiliza akiwa anamenya mihogo, akauliza swali moja tu, kama dada zake wengine wamekubali, kisha akatuonyesha kipande cha shamba la bibi pembezoni mwa mji, chenye mikorosho sita. Wakati tunajenga, tulimpangia chumba jirani na kliniki kwa miezi sita. Virusi vyake vilishuka kabla nyumba haijafika kwenye linta. Muuguzi alimwuliza amebadilisha nini, naye akajibu kwamba amebadilisha mahali pa kulala.

Nyumba ni ya vyumba viwili, bati ishirini na nne, bado haijapigwa ripu. Chumba chake kina dari ya mbao nyepesi; alilisisitiza hilo kabla ya sakafu, nami sikuhitaji kuuliza kwa nini. Pamba hatumii tena.

Mwezi uliopita tulikaa chini ya mkorosho pamoja na mwenyekiti wa mtaa, mjomba, dada zake wawili na majirani wawili, tukaandika kwamba kipande hiki, kuanzia mkorosho wa barabarani hadi kwenye kisiki cha mwembe, ni cha mama mdogo, na baada yake ni cha binti yake. Mjomba hakusoma, aliomba nimsomee mara mbili, ndipo akaweka dole gumba. Mama mdogo alipuliza wino ukauka, akaikunja karatasi mara mbili, akaingia ndani. Nilimwona kupitia mlangoni akitoa bahasha ya kaki chini ya godoro, akaitia karatasi humo, pamoja na kadi yake ya kliniki.